Maji ya Mgongo na Ramani ya Burkitt

Pale Mabatini, Mwanza, ikisemwa kwamba fulani kapelekwa Hospitali ya Bugando akatolewe maji ya mgongo, wasikilizaji hunywea. Kila mtaa una kisa chake cha mtu aliyetolewa maji hayo akafa, au akarudi na miguu isiyosimama. Visa vyenyewe si vya kutunga. Kinachopotosha ni mfuatano wa mambo. Mgonjwa hufikishwa akiwa kashapitia duka la dawa, zahanati, pengine na kwa mganga, na ubongo umeshavamiwa. Sindano inakuwa jambo la mwisho ambalo ndugu wameliona kabla ya msiba, basi lawama yote hubebeshwa sindano.

Kazi yenyewe ni fupi. Mtoto hulazwa ubavu, magoti yanakunjwa hadi karibu na kidevu, muuguzi anamkumbatia ili asijitikise. Daktari anapapasa ukingo wa mifupa ya nyonga, kisha anafuata mstari wake hadi kwenye uwazi kati ya pingili za chini za kiuno. Uti wa mgongo wenyewe umeishia juu zaidi ya hapo, kwa hiyo sindano haiugusi. Inaingia kwenye mfuko wa maji ambamo mizizi ya neva inaelea. Maji hayavutwi kwa bomba. Yanaachwa yadondoke yenyewe, tone kwa tone, ndani ya vichupa, na mtu mwenye afya maji yake hayana rangi yoyote. Mtu mzima ana kama mililita 150 za maji haya kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku. Kiasi kinachochukuliwa hurudi kabla jua halijazama.

Mjerumani Heinrich Quincke ndiye aliyeionyesha dunia njia hii mwaka 1891, huko Kiel, akitaka kupunguza shinikizo kichwani kwa wagonjwa wake. Kwa zaidi ya karne moja baada yake, madaktari waliyatazama maji hayo wakitafuta usaha, vijidudu, sukari iliyopungua, au seli zisizo za kawaida. Leo zipo maabara zinazotafuta ndani yake kitu kidogo kuliko seli, yaani vipande vya DNA vilivyomwagwa na limfoma, saratani ya seli za kinga, inapokuwa imejificha ubongoni. Habari hizo hutangazwa kutoka Boston na Freiburg kana kwamba zilianzia huko. Sehemu kubwa ya hadithi hii ilianzia kwenye fukwe za ziwa letu la Victoria, na usipoijua sehemu hiyo unaweza kununua kipimo kisichokufaa.

Mwaka 1957, Dkt. Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita mwenzake wa idara ya upasuaji amtazamie mtoto mwenye umri wa miaka mitano aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Mpasuaji huyo alikuwa Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen, Ireland, mtu mwenye jicho moja. La pili lilipotea utotoni kwa jiwe la kurushiwa. Kisu hakikuwa na la kufanya kwa mtoto yule. Wiki chache baadaye Burkitt alikuwa Jinja, mahali Nile inapotokea ziwani, akachungulia dirishani mwa hospitali akamwona mtoto mwingine, uso umevimba kwa namna ileile. Akatoka kumchunguza, akakuta na tumboni kuna uvimbe. Hapo akaanza kufukua kumbukumbu za hospitali, na kila alipofukua alikuta watoto wengine wa aina hiyo. Hata Albert Cook, mmishonari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha maelezo ya watoto wenye taya kama hizo. Ugonjwa haukuwa mgeni. Ulikuwa umeandikwa kwa majina tofauti kila mahali, kulingana na kiungo ulikoonekana.

Burkitt alichapisha makala yake mwaka 1958, akiuita sarkoma ya taya. Ni wanapatholojia wa Kampala, Jack Davies na Gregory O'Conor, walioonyesha muda mfupi baadaye kwamba ule uvimbe wa taya, wa tumbo, wa figo na wa jicho ulikuwa kitu kimoja, nacho ni limfoma, ile inayoitwa leo limfoma ya Burkitt.

Kisha ikaja safari. Oktoba 1961 Burkitt alitoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, West Nile, na Cliff Nelson, ndani ya gari la Ford lililokwisha kutumika. Walizunguka kwa muda wa wiki kumi, wakakata maili zipatazo 10,000, wakapita Kenya, Tanganyika na kuendelea hadi kusini mwa bara. Katika kila hospitali walitoa picha za watoto wenye taya zilizovimba na kuuliza swali moja: mnawaona hawa? Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba mwaka huohuo, safari ikiwa inaelekea ukingoni. Sijui kama kuna utafiti mwingine wa saratani uliofanywa kwa bei ndogo kiasi hicho ukafika mbali hivyo. Walichorudi nacho ni ramani. Ugonjwa ulikuwa kwenye mkanda uliokatiza katikati ya Afrika, kwenye joto na mvua, ukitoweka kwenye nyanda za juu, kisha ukishuka kama mkia kuelekea pwani ya Msumbiji. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, aliitazama na kuona inalandana na maeneo ya wadudu wanaosambaza magonjwa. Unguja na Pemba, ambako kampeni dhidi ya malaria ilikuwa imepamba moto, uvimbe huo ulikuwa adimu. Mwaka 1964 Mmarekani Gilbert Dalldorf akaandika kwamba mbu wa kutazamwa ni yule wa malaria.

Wakati huo upande wa pili wa mambo ulikuwa ukifanyika London. Machi 1961, Burkitt akiwa likizo alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, na miongoni mwa waliokuja kusikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Walikubaliana sampuli ziwe zinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu Epstein hakuona kitu. Kisha, Desemba 1963, ukungu ukafunga uwanja wa London na ndege ikatua Manchester. Kichupa kilipomfikia kilikuwa na maji yenye mawingu, mtu yeyote angedhani yameingia bakteria. Badala ya kukitupa, aliweka tone chini ya hadubini akakuta seli za uvimbe zikielea huru, hai, zimebanduka kwa mitikisiko ya njiani. Seli hizo alifanikiwa kuzikuza maabara, na Februari 1964 hadubini ya elektroni ikamwonyesha virusi ndani yake. Makala ya Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr ilitoka kwenye jarida la Lancet Machi 1964. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu vilivyopata jina la Mwingereza na Mwairishi, ingawa seli zilitoka kwa mtoto wa Uganda.

Virusi vya Epstein-Barr havihitaji mbu. Vinapita kwa mate, na huku kwetu karibu kila mtoto anakuwa navyo kabla hajafikisha miaka mitatu au minne. Wengi hawatajua maisha yao yote. Malaria inayorudirudi ndiyo inayoonekana kuvuruga ule ulinzi unaovizuia visitambe.

Dhana hiyo ilipimwa hapahapa Kanda ya Ziwa. Shirati, kwenye ufuko wa ziwa, Mara Kaskazini, kuna hospitali ya misheni ya Wamenonaiti, na daktari wake mmoja, Mmarekani George Brubaker, aliweka orodha ya kila mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt tangu mwaka 1964. Mwaka 1973 yeye na wenzake walichapisha walichokiona katika miaka saba ya kwanza: watoto wa Mara Kaskazini hawakuugua kwa mafungu, kijiji kimoja na msimu mmoja, kama ilivyokuwa imedaiwa kwa West Nile. Kisha Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, likaja na jaribio kubwa. Kuanzia 1977 hadi 1982 watoto walio chini ya miaka kumi kwenye tambarare za Mara Kaskazini walipewa klorokwini mara mbili kwa mwezi, ionekane kama kuondoa malaria kungeuondoa na uvimbe.

Nani hakumbuki miaka ile? Ilikuwa ya Vita vya Kagera na foleni za sukari na sabuni. Vidonge viligawiwa hata hivyo, kijiji kwa kijiji. Vimelea vilipungua mwanzoni, kisha vikaanza kurudi. Burkitt nayo ilipungua, ikafika chini kabisa karibu na 1980 na 1981, halafu ikapanda baada ya jaribio kwisha. Lakini orodha ya Brubaker ilionyesha kwamba ilikuwa imeshaanza kushuka hata kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Watafiti walipochapisha matokeo mwaka 1989 hawakuweza kusema kwa kiapo kwamba klorokwini ndiyo iliyofanya. Napenda jaribio hili kuliko mengi yaliyofanikiwa. Bila ile orodha iliyowekwa kwa subira kabla ya fedha kufika, lingetangazwa kuwa ushindi.

Turudi Kampala, maana ubongo unaingilia huko. Uvimbe wa Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha, unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na kasi hiyohiyo ndiyo inayoufanya uyeyuke kwa dawa. Burkitt mwenyewe, na Peter Clifford wa Nairobi, waliona mapema miaka ya 1960 taya zikirudi mahali pake kwa dozi chache za methotreksati au siklofosfamidi. Mwaka 1967 ukafunguliwa kwenye kilima cha Mulago mradi uliokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, chini ya daktari kijana kutoka Marekani, John Ziegler.

Kilichowasumbua pale ni watoto waliopona wakarudi. Mtoto aliyeondoka uso ukiwa umenyooka aliletwa tena akiwa na jicho moja lisilogeuka, au mdomo umekwenda upande, au miguu imelegea. Taya ilikuwa safi. Walipomtoa maji ya mgongo, ndani yake walikuta seli zilezile za limfoma. Dawa zilizopita kwenye damu zilikuwa zimesafisha mwili wote isipokuwa ubongo, kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo haipitishi kila kitu. Mwaka 1970 Ziegler na wenzake walieleza hali hiyo kwa kirefu, na tiba yake ikawa kurudia njia ileile: sindano inayotoa maji inaacha dawa humohumo kabla haijachomolewa. Mtoto mwenye Burkitt hata leo huchomwa mgongo mara kadhaa katika matibabu yake, na ndiyo maana mama wa wodi ya saratani huyajua maji haya kuliko wahudumu wengi. Wamarekani waliondoka miaka ya mwanzo ya 1970, utawala wa Amin ulipokuwa umeharibu mambo, na Mganda Charles Olweny akabaki kuishikilia taasisi.

Sasa, tatizo la seli. Seli zikishatoka mgongoni hazikai. Maji yale hayana lishe ya kutosha, zinaanza kufa na kuharibika umbo ndani ya muda mfupi, na mtaalamu anayezisoma akizichelewesha anaona vivuli tu. Zaidi ya hapo, kwenye mililita chache huenda zimo seli za kuhesabika. Limfoma ya Burkitt angalau humwaga seli nyingi. Ile inayoanzia ndani ya ubongo wenyewe na kubaki humo haizimwagi, na hata kwenye hospitali tajiri seli husomwa kuwa hazimo kwa wagonjwa walio wengi ambao kwa kweli wanaumwa. Njia iliyobaki ilikuwa kutoboa fuvu na kuchukua kinyama. Fikiria hilo kwa mgonjwa aliyetoka Ukerewe au Geita kwa rufaa.

DNA inageuza hesabu. Seli ya saratani inapokufa inapasuka na kumwaga vipande vya vinasaba vyake, na vipande hivyo, maji yakizungushwa kwenye mashine yakatenganishwa na kugandishwa, vinadumu. Kuwako kwa DNA inayoelea nje ya seli kulionekana kwenye damu tangu 1948, na Wafaransa Mandel na Métais, lakini hakuna aliyejua la kuifanyia. Ilipopatikana mbinu ya PCR miaka ya 1980, kipande kimoja kiliweza kuzalishwa hadi kikaonekana. Kifo cha seli, kilichokuwa kikwazo cha hadubini, hapa ndicho kinacholeta habari.

Waliofaidi kwanza walikuwa wagonjwa wa UKIMWI. Tanzania ilipata wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1983, Kagera, ng'ambo ya ziwa. Mtu mwenye VVU akianza degedege au kupooza upande mmoja na picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe, kuna mawili makubwa ya kufikiria, toksoplazmosi (maambukizi ya kimelea) au limfoma, na kwenye picha yanafanana. Desturi ikawa kumpa dawa za toksoplazmosi wiki mbili na kusubiri. Akipata nafuu, ilikuwa toksoplazmosi. Asipopata, wiki mbili zimepotea, na kwa limfoma wiki mbili ni nyingi. Mwaka 1993 Paola Cinque na wenzake huko Milan walionyesha kwenye Lancet kwamba DNA ya virusi vya Epstein-Barr inapatikana kwenye maji ya mgongo ya wagonjwa wa UKIMWI wenye limfoma ya ubongo, na ni nadra kuikuta kwa wasio nayo. Mtoto wa Kampala na mtu mzima wa Milan walikuwa wanaumwa kwa virusi vilevile.

Baada ya hapo mkondo ukahamia kwingine. Nchi zenye fedha zina wazee wengi, na limfoma yao ya ubongo huja bila virusi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao wana kosa moja maalumu kwenye jini liitwalo MYD88, lililogunduliwa kwenye limfoma mwaka 2011. Ukiitafuta herufi hiyo moja iliyobadilika kwenye maji ya mgongo, umeupata ugonjwa bila kutoboa kichwa. Mwaka 2023 watafiti wa Freiburg na Stanford waliripoti kwamba DNA ya uvimbe ilionekana kwenye damu ya wagonjwa asilimia 78, na kwenye maji ya mgongo yote waliyopima. Mwaka uliofuata madaktari wa Massachusetts General, Boston, wakaeleza kipimo kinachotoa jibu kwa takriban dakika 80, mgonjwa akiwa bado hajatoka hospitali. Ni kazi nzuri sana.

Ila kichukue kipimo hicho kama kilivyo, ukilete kwenye maabara ya Mwanza. Limfoma za ubongo zinazobeba virusi vya Epstein-Barr kwa kawaida hazina kosa la MYD88. Burkitt nayo ina alama yake tofauti: kipande cha kromosomu ya 8 kimehamia kwenye ya 14 na kuliwasha jini la MYC, jambo lililofumbuliwa hatua kwa hatua kati ya 1972 na 1982. Kipimo cha Boston kikiulizwa kuhusu mtoto wa Mara au mgonjwa wa VVU wa Sengerema kitajibu kwamba hakuna kitu, na kitakuwa kimesema kweli kuhusu kilichotafutwa. Burkitt alichora ramani ya uvimbe. Kipimo nacho kina ramani yake, na anayekiagiza anapaswa kuiuliza.

Kwa hiyo kipimo cha ukanda huu kinatakiwa kianze na virusi. Hapo pana mtego mwingine, na waliouona ni majirani zetu wa Kisumu. Ann Moormann, Rosemary Rochford na wenzao Wakenya walilinganisha watoto wazima wa Kisumu, penye malaria mwaka mzima, na wa nyanda za juu za Nandi, wakaripoti mwaka 2005 kwamba wale wa Kisumu walikuwa na DNA nyingi zaidi ya virusi hivi kwenye damu. Mtoto asiye na saratani yoyote anaweza kukufanya ushtuke. Kwenye damu, basi, swali ni virusi ni vingi kiasi gani, na je, vimefuatana na kile kipande cha MYC kilichohama. Kwenye maji ya mgongo kelele ni ndogo, maana virusi havina sababu ya kuwa huko. Lakini sindano ikigusa mshipa na damu ikachanganyika na maji, kelele za damu zinaingia nazo. Itabidi damu ichukuliwe siku hiyohiyo na zipimwe pamoja.

Msingi wa kazi hiyo upo. Kati ya 2010 na 2016 utafiti uitwao EMBLEM, ulioongozwa na Mganda Sam Mbulaiteye kutoka taasisi ya saratani ya Marekani, ulikusanya watoto wenye Burkitt na watoto wazima wa kulinganisha nao Uganda, Kenya na Tanzania. Huku kwetu vituo vyake vilikuwa Bugando na Shirati, na upande wa Uganda Kuluva ilikuwamo, hospitali ileile alikotoka Ted Williams kupanda Ford ya mwaka 1961. Baada yake ukaja AI-REAL, uliounganisha Chuo Kikuu cha Oxford na hospitali za Tanzania na Uganda, zikiwemo Muhimbili na Lacor ya Gulu. Huo ulipima damu ya watoto na vijana wanaoshukiwa kuwa na limfoma, ukitafuta DNA ya virusi na ya uvimbe kwa pamoja, ili jibu lipatikane bila kungoja kinyama kisomwe. Ulianza na damu kwa sababu damu ni rahisi kuipata na mzazi haiogopi. Maji ya mgongo ya watoto haohao hutolewa kwa ajili ya matibabu hata hivyo, na mililita moja ya ziada ikigandishwa siku ya kwanza inatosha kuanza kuulizia habari za ubongo.